Ngazi ya mama na jiwe la Kitangiri: ubavu wa pikapu ufungwe nini?

Dada mmoja wa Mwanza ameniandikia hivi:

"Fundi, habari za kazi. Nina Hilux Vigo dabo kebini ya 2012. Naishi Kitangiri, juu mlimani. Njia ya kufika nyumbani inapita katikati ya mawe mawili makubwa, na kila mvua ikinyesha inazidi kuchimbika. Mara tatu kwa wiki naenda Kayenze kuchukua dagaa, na msimu wa mpunga naingia mashambani Misungwi. Mama yangu ana miaka 74, magoti yanamsumbua, kupanda gari ni shida. Fundi mmoja mjini anataka kunifungia ngazi za pembeni zinazong'aa, kazi ya saa moja. Mwanangu anasema hizo ni urembo, ninunue slaida za chuma kama za magari ya porini. Nifunge zipi?"

Dada, salama kabisa. Kwanza mfikishie mama shikamoo yangu.

Kwa njia unazopita, funga slaida, lakini itengenezwe ili ikanyagike vizuri, na mama awekewe daraja lake la ziada upande anaopandia. Fundi wako ameufikiria mguu wa mama, mwanao amelifikiria jiwe, na wewe unavyo vyote viwili. Ila kabla ya kumuuliza fundi yeyote bei, muulize hiki chuma kitashikwa na nini. Jibu lake litakueleza zaidi kuliko jina la bidhaa.

Pikapu kama yako ina vitu viwili vilivyopandana. Chini kuna chasisi, zile nguzo mbili nene zinazotoka mbele hadi nyuma, zinazobeba injini, springi na mzigo. Juu yake imekaa bodi, imetenganishwa na chasisi kwa vipande vya mpira. Kizingiti cha mlango, ule ukingo wa bati ambao mama anauvuka akipanda, ni sehemu ya bodi. Ukigonga kwa kidole unaonekana mnene kwa sababu umekunjwa kama boksi, lakini bati lenyewe ni jembamba. Ngazi nyingi za urembo hushikiliwa hapo, kwa bolti ndogo na vibano vya bati. Kwa mguu wa mtu mmoja zinatosha. Kwa jiwe hazitoshi hata kidogo.

Nimewahi kupokea gari la namna hiyo karakanani, na sijalisahau. Lilikuwa limeteleza kwenye mwamba uliolowa, likashuka kwa ubavu wa kushoto na kukalia jiwe. Ngazi yake ilikuwa paipu nene kwa macho, unene wa mkono wa mtu mzima, iking'aa kama sufuria mpya. Ilijikunja kwenda juu, ikakisukuma kizingiti na kuubana mlango wa nyuma kwa chini. Abiria waliokaa nyuma walitokea upande wa pili. Tulipoikata kwa grenda ili mlango ufunguke, nilichukua kile kipande nikakipima: ukuta wa paipu ulikuwa milimita moja na nusu tu. Zile bolti mbili za mbele hazikukatika. Bati lilichanika, bolti zikatoka nalo. Gari lisingekuwa na ngazi kabisa, jiwe lingebonyeza kizingiti sehemu moja. Kwa kuwa na ngazi, lilibonyea sehemu tatu, kwa sababu kila kibano kiligeuka nyundo.

Slaida ni kitu kingine. Kazi yake ni kubeba uzito wa gari pale tairi linapoanguka shimoni na ubavu kukalia jiwe, kisha kuliacha gari liteleze juu ya jiwe hilo mpaka tairi lipate tena pa kukanyaga. Kwa hiyo inashikwa na chasisi peke yake. Fundi akikuambia ataifunga kwenye chasisi na pia ataishika kwenye kizingiti "ili iwe imara zaidi", mkatalie. Bodi na chasisi hutembea kila kimoja kivyake juu ya ile mipira. Ukivifunga pamoja, barabara ya matuta itafanya kazi ya kuchana bati polepole. Kati ya paipu na kizingiti ibaki nafasi ya sentimita mbili na nusu au tatu, wazi kuanzia mbele hadi nyuma.

Sasa chuma chenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanapouziwa unene wa macho. Paipu ya upana wa milimita 76 yenye ukuta wa milimita 1.6, ile ya geji 16, ina uzito wa karibu kilo 3 kwa mita. Paipu ya milimita 60 yenye ukuta wa milimita 3.6 ina kilo 5 kwa mita. Ya pili inaonekana nyembamba dukani, lakini ndiyo yenye nyama, na jiwe linapoigonga sehemu moja haibonyei kirahisi kama ile ya kwanza. Paipu nyingi huuzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo usibishane na mtu: iweke kwenye mizani. Ya kwanza itasoma chini kidogo ya kilo 18, ya pili karibu kilo 30. Muuzaji akikuambia ni nene halafu mizani ikasoma 18, umeshapata jibu.

Kwa gari lako ningechukua hiyo ya 60 iwe paipu kuu inayokaa chini ya kizingiti, kisha ya milimita 48 yenye ukuta wa milimita 3.2 iwe ya nje, na kati yake pafungwe pa kukanyagia. Paipu iwe ya duara. Watu hupenda ya pembe nne kwa sababu ni rahisi kukata na kuunga, nami sina ugomvi nayo kwa nguvu, lakini mwamba wetu ni wa matale, yaani graniti. Chembe zake za kwazi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, na uso wake unakwaruza kama tupa. Pembe kali hujichimbia pale na kukwama. Duara hupanda na kushuka. Nyuma, kabla ya tairi, paipu ya nje ipindwe kidogo kwenda nje. Gari linapopinda kwenye kona nyembamba, lile pindo ndilo linalogusa jiwe kwanza na kulisukuma gari mbali nalo, hivyo ubavu wa kebini na ukingo wa bodi ya nyuma vinapona. Kati ya mawe yako mawili hilo utalitumia kila siku. Ila pima kwanza upana wa njia pale pembamba zaidi, ulinganishe na upana wa gari ukijumlisha slaida. Isitokeze nje kupita vioo vya pembeni, na miisho yake izibwe na kulainishwa, maana sokoni Mwaloni pale Kirumba unapita katikati ya miguu ya watu.

Pande zote mbili zitakuwa na uzito wa kilo 45 hadi 50, kama debe mbili na nusu za mahindi. Uzihesabu kwenye mzigo wako wa dagaa.

Ufungaji ndio roho ya kazi, kwa hiyo nivumilie nirefushe. Kila upande uwe na miguu mitatu, siyo miwili. Kila mguu uishie kwenye pleti ya milimita 6 yenye kimo cha ubavu mzima wa chasisi. Sababu ni rahisi: paipu iko sentimita 25 au 30 nje ya chasisi, kwa hiyo gari likikalia jiwe, mguu unafanya kazi kama mtaimbo. Juu ya pleti panasukumwa, chini panavutwa. Pleti fupi inalimbikiza nguvu hiyo mahali padogo na inaweza kubonyeza chasisi yenyewe, na chasisi ikibonyea umeharibu gari kwa kitu ulichonunua kulilinda.

Kuchomelea au bolti? Mimi nachagua bolti, na kwa gari unalolitegemea kwa riziki sioni sababu ya kubishana. Pleti mbili ziibane chasisi, moja nje na nyingine ndani, na bolti za milimita 12 zipite juu na chini ya nguzo ya chasisi bila kuitoboa. Kwenye kichwa cha bolti pawe pameandikwa 8.8, isiyo na namba usiipokee. Kabla ya kubana, fundi alale chini na taa aangalie kinachopita upande wa ndani: mabomba ya breki, mabomba ya mafuta, nyaya. Pleti ikibana bomba la breki leo hutajua. Utajua siku litakapotoboka. Kama lazima chasisi itobolewe, itobolewe katikati ya ubavu wake, kamwe isiwe uso wa juu au wa chini, kwa sababu nyuso hizo mbili ndizo zinazobeba mvutano na msukumo mkubwa gari linapobeba mzigo. Na pale chasisi ilipo boksi, bolti inayopita katikati iwekewe kipande cha paipu ndani ili ukikaza isiukunje ukuta.

Akisisitiza kuchomelea, angalau atoe waya hasi wa betri, waya wa ardhi wa mashine aukamate karibu kabisa na anapochoma, na asipige mstari wa kusimama unaokata kimo cha chasisi. Mstari wa namna hiyo huacha ukanda uliopikwa, na nyufa huanzia hapo. Pleti ikatwe umbo la almasi ili mshono upite kimshazari. Na kama amechukua paipu ya mabati ya maji, aondoe zinki kwa grenda pale atakapochoma; moshi wake unampa homa ya usiku kucha, na mshono unabaki na matundu.

Kabla ya kulipa pesa ya mwisho, omba jaribio. Gari liwe mahali tambarare, handibreki juu, mawe mbele na nyuma ya tairi za upande wa pili, asikae mtu ndani wala chini. Chukua bonge la udongo wa mfinyanzi ulilipachike kati ya paipu na kizingiti, katikati ya milango miwili. Kisha jeki ya haidroliki iwekwe chini ya slaida, karibu na mguu wa nyuma, ipande mpaka tairi la nyuma liache ardhi. Shusha, toa lile bonge, litazame. Likiwa limepungua kidogo, ni chuma kujipinda na kurudi, hilo ni sawa. Likiwa limekuwa chapati, slaida imegusa bodi na haitakulinda. Fundi aliyefanya kazi vizuri atafurahi kukuonyesha. Na kuanzia siku hiyo hata pancha inakuwa rahisi, kwa sababu una pa kuwekea jeki ubavu mzima.

Sasa mama. Watu wengi wakiona mzee anashindwa kupanda, wanafunga ngazi ya chini sana, na hapo ndipo ubavu wa gari unapoharibikiwa. Tufanye hesabu ya gari lako. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, katikati kwa katikati, ni milimita 3,085. Slaida ikiwa na chini yake sentimita 37 kutoka ardhini, ubavu unaweza kuvuka kilele chenye pembe ya nyuzi 27 hivi. Ukining'iniza ngazi mpaka sentimita 28, pembe inashuka hadi karibu nyuzi 21. Tofauti hiyo utaiona pale njia yako ilipochimbika, na utaiona zaidi ukienda Ukerewe, gari linapotoka kwenye mdomo wa pantoni pale Rugezi au Kisorya huku tairi za mbele zikianza kupanda ufukweni. Pale sitaki kitu kinachoning'inia.

Kwa hiyo usishushe ngazi. Ongeza daraja. Fanya hivi kabla ya kumwendea fundi. Egesha gari mahali tambarare, mfungulie mama mlango wa mbele wa kushoto, usimwambie chochote, mtazame tu anavyopanda. Angalia mguu upi unatangulia na mkono unatafuta nini. Mara nyingi tatizo la kwanza liko kwenye mkono: anashika ukingo wa mlango, mlango unacheza, goti linapoteza imani. Kagua kama shiko la ndani kwenye nguzo ya kioo lipo na limekaza. Kama halipo, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na ni ya bei ndogo kuliko zote.

Kisha chukua vipande vya mbao vya unene wa sentimita 5, uvipange kimoja juu ya kingine kando ya ukuta anaoweza kuushika. Apande kipande kimoja, viwili, vitatu, mpaka aseme hapa ndipo goti linapouma. Rudi nyuma kipande kimoja. Hicho ndicho kimo chake cha hatua, na hakuna kitabu kinachokijua zaidi ya goti lake. Halafu pima kutoka ardhini hadi sakafu ya gari. Tuseme ni sentimita 65, na mama anamudu 22. Weka sehemu ya kukanyaga ya slaida kwenye sentimita 43, kisha mtafutie kigoda cha sentimita 22. Hapo ana ngazi ya hatua tatu zinazokaribia kulingana: kigoda, slaida, sakafu. Kulingana ni muhimu kuliko ufupi. Mzee hujikwaa pale hatua moja inapotofautiana na nyingine.

Kigoda kiwe na miguu iliyotanuka, chini kiwe na mpira wa tairi, na kifungwe kamba ili ukishampandisha ukivute ndani bila kuinama. Ukitaka kitu cha kudumu, fundi akuchomelee soketi ya paipu ya pembe nne chini ya slaida, upande wa kushoto tu, kikanyagio kichomekwe humo na kufungwa kwa pini, kisha kichomolewe kabla ya safari. Ngazi za kuning'inia kwa mkanda wa mpira usimpe. Ni nzuri kwa kijana, jiwe likizigusa zinajikunja na kurudi, lakini zinakimbilia chini ya gari pale mguu unapozikanyaga, na goti la mama litaogopa.

Pa kukanyagia usiweke bati tupu lililong'arishwa. Maji ya dagaa yana mafuta na magamba, na ukitoka Misungwi kiatu kimejaa udongo mweusi wa mbuga unaoteleza kama sabuni. Weka wavu wa chuma au pleti yenye matundu yaliyoinuliwa kingo, tope lianguke lenyewe. Pleti nzima isiyo na matundu hubeba udongo, udongo hubeba maji, na kutu huanzia chini yake usikokuona. Ziwa letu ni la maji baridi, halili chuma kama bahari inavyowafanyia wenzetu wa Tanga, lakini maji ya samaki waliotiwa chumvi hayana huruma. Paipu itobolewe tundu dogo upande wa chini ili maji yatoke, isuguliwe, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu mikono miwili. Baada ya kukwaruzwa na jiwe, paka tena palepale. Rangi ya kawaida unaweza kuirudishia mwenyewe kwa brashi, ndiyo maana naipenda kuliko ile ya kuokwa.

Zile zinazong'aa anazokuuzia fundi: sumaku kutoshika hakuthibitishi kwamba ni chuma bora kisichoshika kutu, maana hata aina ya bei nafuu haishiki sumaku. Kwa anayeishi Capri Point na kutembea kwenye lami, ningemwambia afunge tu. Za alumini ni nyepesi, uzito wa theluthi ya chuma, lakini matale huzila na kuziunga upya kunahitaji fundi na mashine ambavyo si kila karakana inavyo. Za umeme zinazojikunja zenyewe, tope la mbuga litazikwamisha mwezi wa kwanza.

Mwanao akitaka kuagiza za nje, ahakikishe zimetengenezwa kwa Vigo na si Revo iliyoanza 2015, maana chasisi si ile ile. Na ziwe za gari la usukani wa kulia, kwa sababu mpangilio wa ekzosi na tanki unaweza kutofautiana na mguu ukaangukia pasipo na nafasi.

Utakapokuwa umefunga, safari ya kwanza ya Kayenze iwe ya mzigo mdogo. Baada ya kilomita 500 rudi bolti zikazwe upya. Pleti mpya hukaa na kujitengeneza, rangi iliyobanwa kati yake hupondeka, na bolti iliyokuwa imekaza inalegea bila mtu kuigusa. Piga alama ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye pleti, ili asubuhi ukipita na tochi uone kama kuna iliyozunguka.

Anza na zile mbao, Dada. Niandikie vipimo vitatu: kimo cha hatua ya mama, urefu kutoka ardhini hadi sakafu ya gari, na upana wa njia pale kati ya mawe mawili. Nikivipata nitakuchorea miguu ikae wapi kwenye chasisi, umpelekee fundi akiwa bado hajakata paipu.